Ukoko Unaofuata Nyayo

Hakuna mwanamke katika Ludilo nzima aliyewahi kusafisha theluji mlangoni kwake kunishinda mimi, Edina Chaula. Asubuhi wenzangu wa vijiji vya jirani wanapotoka na mabeleshi, pua zinachuruzika, njia yangu ya gari imeshakauka kutoka mlangoni hadi chini, na kijia cha waendao kwa miguu pembeni yake unaweza kuanikia ulezi. Wageni hunisifu. Nami huinamisha kichwa kama mtu anayeona haya. Sasa nikwambie ukweli: njia inapojisafisha mimi huwa nimelala nakoroma, na gari sina.

Kazi yote hufanywa na ukoko.

Watu wa kituo cha utafiti walipouleta walikuwa na jina lake refu, nusu herufi nusu namba. Sisi tukautazama ulivyobandika juu ya mawe, rangi ya kahawia, mkavu juu na laini chini, tukasema, ala, huu si ukoko wa ugali huu? Jina likakaa. Ni kitu hai. Jioni unaulisha uji mwepesi, usiku unakunywa theluji inayoanguka, na ukishakula na kunywa unapata joto kama lundo la samadi. Ukiukanyaga pekupeku, utadhani umekanyaga mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Tangu wakubwa wa dunia walipolitia jua chandarua ili bahari zipoe, huku kwetu milimani Makete mwezi wa Juni unaleta theluji ya kiunoni. Bahari sijui kama zimepoa. Magoti yangu yamepoa.

Mtaalamu aliyeuleta, kijana mmoja mwenye miwani inayoingia ukungu, alituonya jambo moja: kila nyumba itapewa wake, tusichanganye. Lakini mimi ndiye niliyepewa wa kwanza, wa majaribio, na wa wenzangu ulichelewa kufika. Na huku kwetu mtu akija kuomba moto, au chumvi, au chachu ya pombe, humnyimi. Utamnyima vipi mtu chachu? Kesho utamsalimia kwa mdomo gani? Akaja wa nyumba ya pili na kibakuli, nikamega. Wa tatu akamega kwa wa pili. Ikashuka hivyo hivyo, nyumba hadi nyumba, hadi nyumba zote kumi za balozi wetu Bwana Kyando zikawa na ukoko, kutoka kwangu huku juu, kupitia msitu wa misindano, kando ya korongo, hadi chini kabisa Njiapanda yanaposimama mabasi.

Tulipokuja kushtuka ulikuwa umeungana. Haukuwa ukoko wa nyumba kumi tena. Ulikuwa mmoja. Nikiumwagia uji mlangoni kwangu, kwa Kyando kule chini unafuka mvuke.

Nilijisikia kama mama wa watu.

*

Kaka yangu Ezekia alifariki barabara ya wilayani ikiwa imefungwa na theluji. Nyumba yake na yangu zina uwanja mmoja. Chumba cha maiti kiko wilayani, na wilayani hakufikiki, kwa hiyo tukafanya kama wanavyofanya watu wa juu huku siku hizi. Tulimvisha suti yake, tukamfunga blanketi na mkeka, tukamlaza nyuma ya nyumba upande usioona jua, tukamfunika kwa lundo kubwa la theluji safi. Akae hapo kwenye baridi mpaka Lugano aje.

Lugano ni binti yake wa kwanza, anaishi Mbeya. Katika ukoo wetu marehemu haingii ardhini mpaka mtoto wake wa kwanza amfunue uso na kumwambia, "Nenda, baba." Mengine yote tumeyaacha, hilo hatujaliacha.

Na tulimtunza vizuri, usiseme. Kila kukicha waombolezaji walizunguka nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, kumwamkia. "Kumekucha, Mzee Chaula." "Theluji imepungua leo, Mzee." Wengine walirudi mchana. Mimi dada yake nilikwenda mara nyingi kuliko wote, nyingine kwa huzuni, nyingine kwa sababu ndani palikuwa na moshi.

Asubuhi moja nimesimama pale, namweleza habari za mbuzi wake, nikahisi nyayo zinapata joto.

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama juu ya ukoko.

Ulikuwa umetoka kwenye njia ya gari, ukapinda kwenye kona ya nyumba, ukaja moja kwa moja nyuma, mwembamba kama ulimi. Ncha yake ilikuwa karibu na lundo, pengine hatua ya mtoto. Theluji ya hapo ilianza kulia machozi.

Ndipo nikakumbuka maneno ya yule kijana wa miwani. "Bibi, ukoko haujui barabara. Unajua nyayo. Panapokanyagwa na wengi, unaamini pana njia, na njia lazima isafishwe." Siku ile niliona ni akili kubwa. Kumbe tulikuwa tunaupigia mstari wenyewe, kila salamu na mstari wake, mpaka kwa kaka yangu.

Nilimwita Kyando. Huyu ni mtu mpole, masharubu yake huganda akicheka. Alikuja na beleshi, akaukata ule ulimi, akautupa mbali. Tukasimama tukiutazama. Pale palipokatwa pakatoa maji, pakatetemeka, kisha pakaanza kufunga kama kidonda cha mtoto.

"Mama Edina," Kyando akasema, "unarudi."

"Naona."

"Tuwakataze watu wasipite huku."

"Nyayo zishapita, Balozi. Utazizoa? Hata tukimhamisha, nyayo za wabebaji zitauonyesha njia."

Akakuna shingo. Njia ilikuwa moja na wote wawili tuliijua: chumvi. Ukoko ukionja chumvi hujikunyata na kufa. Lakini haufi kipande. Ukiuonjesha ncha, kifo kinatembea mwili mzima, na mwili mzima ni nyumba kumi, msitu, korongo, hadi Njiapanda.

Wakati huohuo mawingu yakashuka, na theluji ikaanza upya, ile nene isiyo na haraka.

*

Rahabu, mjane wa kaka yangu, alikuwa amekaa kwenye godoro sebuleni, miguu ameinyoosha, akina mama wamemzunguka. Mfiwa hatoki kwenye godoro. Alitusikiliza bila kuuliza kitu, halafu akasema, "Wekeni chumvi."

"Wifi," nikasema, "sikiliza kwanza."

"Nimesikiliza. Kitu chako kinakwenda kumpika mume wangu. Weka chumvi."

"Njia ikifa, inafunikwa saa hiyohiyo. Hiyo theluji inayoanguka unaiona. Mtu akiwa njiani hatajua barabara iko wapi na korongo liko wapi."

"Nani yuko njiani?"

"Lugano."

"Lugano yuko Mbeya. Nimeongea naye jana kwa simu ya upepo ya Balozi. Nimemwambia asitoke mpaka trekta la serikali lifungue barabara, hata ikiwa wiki ijayo. Baba yake yuko kwenye theluji, haharibiki."

"Akasemaje?"

"Akasema, sawa mama."

Akina mama wawili wakatazamana. Mimi nikafunga kanga yangu vizuri, maana nilijua ninakokwenda si kuzuri.

"Wifi yangu, hiyo 'sawa mama' ya Lugano mimi naifahamu. Alisema 'sawa mama' ulipomkataza kwenda Mbeya. Yuko wapi sasa? Akasema 'sawa mama' ulipomkataza kuolewa na yule fundi wa Iringa. Wajukuu wako wa huyo fundi wanaitwa nani vile?"

Mmoja wa akina mama alikohoa kuficha kicheko. Rahabu hakucheka.

"Umemaliza utani?"

"Si utani. Nina hofu."

"Hofu yako naijua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuchoka. "Umezoea kusifiwa. Njia ya Edina, ukoko wa Edina. Watu wanakuja kutoka mbali kuutazama. Sasa kaka yako amelala pale, na wewe unatafuta sababu ya kuutetea. Leo sababu ni Lugano. Lugano asingekuwapo, ungetafuta nyingine."

Sikuwa na hakika kama amekosea.

"Hata mimi ni dada yake," nikasema mwishowe.

"Wewe ulizaliwa naye. Mimi nimezeeka naye." Akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Ezekia aliniomba jambo moja tu kabla hajafunga macho. Asiondoke hajafunuliwa na Lugano. Hakuomba ng'ombe, hakuomba kaburi la vigae. Jambo moja. Theluji ikiyeyuka nitamzika leo, nitamzika bila mwanawe, au nimwache aoze. Unanichagulia lipi?"

Nikamtazama Kyando aniokoe. Kyando akatazama viatu vyake.

"Mwenye maiti ndiye mwenye neno, Mama Edina," akasema. "Mimi nina gunia la chumvi ya ng'ombe. Nitalileta, kisha niteremke kuwaambia wenzetu waingize kuni ndani na wasitoke, njia inakufa."

"Simu ya upepo?" nikauliza. "Uliza Mbeya kama ameondoka."

"Tangu mawingu yashuke inakoroma tu."

"Edina," Rahabu akaniita, jina tupu, bila wifi. "Wewe ndiye uliyeuleta. Uue wewe. Mlangoni kwako, kwenye mzizi wake, na mimi nikuone kwa dirisha."

*

Kuna watu wanajua lililo jema wakishaliona tu, kama wanavyojua nyanya iliyooza. Mimi sijajaliwa. Nilisimama jikoni kwangu na lile gunia dogo la chumvi miguuni, nikajiuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Kaka yangu alikuwa pale nyuma, nina hakika. Lugano kuwa njiani sikuwa na hakika. Kilichonifanya nifikiri hivyo ni maneno mawili, "sawa" na "mama". Nikiua ukoko na Lugano yuko Mbeya amekaa anakunywa uji, nimetii, nimemhifadhi ndugu yangu, na wifi yangu atanisamehe. Nikiua ukoko na Lugano yuko kwenye ule msitu, ataona mawe yanafunikwa mbele yake na nyuma yake. Upande wa kushoto kuna korongo ambalo hata mbuzi wanaliogopa.

Lakini ni nani aliyenipa mimi mizani? Rahabu ndiye mfiwa. Lugano ni wa tumbo lake, si langu. Alishasema naye, alishamkataza, alishapima. Mtu mzima amekaa kwenye godoro la msiba akatoa neno, halafu wifi yake mcheshi mwenye darasa la saba ajifanye anajua zaidi? Nikasema Edina, chukua chumvi.

Nikaichukua. Nikafika nayo mlangoni. Ukoko ulikuwa unafuka mvuke taratibu, theluji ikiugusa inapotea. Niliuona unahema. Nikaapa moyoni kwamba sipendi jinsi ninavyoupenda. Ndiyo, Rahabu alikuwa na lake la kweli.

Nikatazama chini ya mlima. Sikuona mtu. Nilichoona ni weupe tu, na ule mstari mmoja mweusi wa njia ukiteremka ndani yake.

Nikarudi jikoni. Nikaiweka chumvi nyuma ya pipa. Nikafungua debe la unga wa sembe.

Usinicheke, nilikuwa na hoja. Ukoko nimeulea mwenyewe, namjua mtoto wangu. Mwenye shibe hatembei. Tunaulisha uji mwepesi, kikombe kimoja, unabaki na njaa ya kutafuta njia mpya. Nikiumwagia unga mkavu, mwingi, hapa kwenye mzizi na kando yote ya njia, utashughulika kula, utaiacha ile safari ya nyuma ya nyumba. Njia itabaki hai, na kaka yangu atabaki kwenye baridi. Na kutoka dirishani, unga na chumvi vyote ni vyeupe.

Nikatoka na ungo. Nikaona pazia la Rahabu likisogea. Nikarusha kwa mkono wa kulia, mikono mipana ya mtu apandaye ulezi, nikashuka na njia hadi kwenye miti ya kwanza, nikirusha, na nikaomboleza kidogo kwa sauti ili ionekane nauaga ukoko wangu. Hiyo ya kuomboleza nilijiongezea tu.

Kisha nikaingia sebuleni, nikajipangusa mikono.

"Nimeweka, wifi."

Rahabu akanishika mkono, akauminya. "Asante," akasema. "Najua ulikuwa unaupenda."

Ningependelea anipige kofi.

*

Kyando alirudi na mbwa wake, theluji ikiwa imemgandia masharubuni.

"Mama Edina," akaninong'oneza kwenye kizingiti, "nyumba zote nimewaambia wasitoke. Lakini mbona njia bado ina moto? Nimepanda nayo kama ninavyopanda siku zote. Tena huku juu inachemka."

"Inakufa polepole. Kama wazee."

"Mtaalamu alisema inakufa kama taa."

"Mtaalamu aliongelea ya dukani. Hii imekula uji wa nyumba kumi."

Akaniangalia kwa muda. Kyando si mjinga, ni mpole tu, na watu huvichanganya. "Na hiyo harufu?" akauliza.

"Harufu gani?"

"Kama kuna mtu anapika."

"Msibani hapa, Balozi. Hapakosi mtu anayepika."

Akaingia ndani. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, mbio, kama mbio ni neno la kutumia kwa magoti haya.

Ule ulimi ulikuwa umesimama. Nikashukuru Mungu, nikainua mikono. Kisha nikatazama vizuri. Ulikuwa umesimama kusonga, kweli, lakini ulikuwa umenenepa. Shibe iliyoingia mlangoni kwangu ilikuwa imefika huku kama joto. Haukuhitaji kusogea tena. Lundo lilikuwa linasinyaa kutoka chini, upande wa miguu, na upindo wa blanketi la kaka yangu ulikuwa nje, ule wenye mistari ya kijani, umelowa.

Nikapiga magoti. Nikaanza kuzoa theluji kwa mikono, kwa ungo, kwa kanga, nikaitupia miguuni kwake. Ninayoitupa inakaa kidogo, inakuwa ya kijivu, inakuwa maji. Natupia nyingine.

"Kaka," nikamwambia, "ni mimi. Nimemdanganya mkeo. Usiniangalie hivyo, najua umefungwa blanketi lakini najua unaniangalia. Wewe ndiye uliyenifundisha kudanganya, siku ile ya maziwa ya bibi. Sasa nisaidie. Binti yako yuko njiani au hayuko? Kama hayuko nimekuharibu bure, na nitakuja huko kuadhibiwa mwenyewe. Kama yuko, mwambie afanye haraka, maana mikono yangu inaisha."

Hakujibu. Hata alipokuwa hai alikuwa mgumu wa kujibu.

Mwanga ulikuwa unaondoka. Theluji pembeni ya njia ilinifika kiunoni, na nilipoinuka kutazama chini sikuona tena miti ya kwanza. Nikaisikia sauti ya Rahabu ndani ikiuliza, "Wifi yuko wapi? Mbona amekaa nje?" Nikajua akija hapa, akiona blanketi, basi. Nikafikiria ile chumvi nyuma ya pipa. Bado ningeweza. Ningeichukua sasa, niitupe, na theluji yote hii ingebaki kwa Ezekia, ingemfunika mpaka shingoni. Nilishaanza kutembea. Nilishafika kwenye kona ya nyumba, mkono ukutani, nikihesabu vizingiti: cha kaka yangu, uwanja, changu, pipa.

Mbwa wa Kyando akabweka.

Ndani ya ule weupe, palipokuwa na mvuke, kitu cheusi kilikuwa kinapanda. Kilianguka, kikainuka, kikatukana kwa Kikinga safi cha mlimani. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

*

Sitaeleza kilio. Anayejua kilio cha mtoto aliyemkuta baba amelala nje anakijua, na asiyekijua asiharakishe. Rahabu alivunja mwiko wa godoro, akatoka hadi mlangoni, akamkumbatia Lugano na begi lake na theluji yake yote, wakashuka pamoja chini kama magunia mawili.

"Nilikukataza," Rahabu alikuwa anasema, akimpigapiga mgongoni. "Nilikukataza wewe mtoto. Nilikukataza."

"Nilisema sawa mama," Lugano akasema, akilia.

"Najua. Najua ulisema."

Lori la viazi lilimpakia kwa njia ya nyuma ya mlima, likamshusha Njiapanda mchana. Kutoka hapo alipanda kwa miguu peke yake.

"Pembeni ni kiunoni, mama," akasema. "Msituni nimeona paa amekufa amesimama. Kama si njia ya Shangazi ningekuwa korongoni. Nilikuwa sioni mkono wangu, nafuata mvuke tu."

Nilisimama nyuma ya mlango, nikatazama dari. Kyando alikuwa anatazama dari hiyohiyo.

Rahabu akaacha kumpigapiga. "Njia ya Shangazi?" akauliza.

"Iko wazi mpaka hapa. Ila huku juu imekuwa ya ajabu. Kuanzia kwenye miti nimeteleza mara nne, inanata kama sijui nini. Tazama viatu vyangu."

Alivua viatu mlangoni, kama tunavyovua, akavigeuza. Soli zote mbili zilikuwa zimebeba tabaka nene, jeupe, la moto, linalofuka mvuke kwenye baridi ile. Lilikuwa limeiva. Sembe imekutana na maji ya theluji juu ya jiko la mawe, ungetegemea nini.

Nikasema haraka, "Twendeni nyuma, wifi. Lugano amfunue baba yake sasa hivi, kabla ya giza, kaburi lipo tayari, tusichelewe."

"Tutakwenda," Rahabu akasema.

Lakini hakuinuka. Alichukua kiatu kimoja, akakisogeza kwenye mwanga wa taa. Akabandua kipande kwa kucha, kidogo, akakitia ulimini. Akakitafuna polepole, kama mpishi anayeonja, machozi bado yakimshuka shavuni, kisha akaniinulia macho.

"Wifi," akasema, "mbona chumvi yako inataka mboga?"